Mugumo na Misa

Leo tuchambue maneno matatu: tambiko, kafara na misa.

Wazee wa Agikuyu walifanya tambiko chini ya mugumo. Walielekeza nyuso Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakachinja mwanakondoo wa rangi moja, wakamwomba Ngai mvua. Mwanakondoo huyo ndiye kafara. Mti wenyewe ulikuwa mwiko kukatwa, hata kuni zake haziguswi!

Mwaka 1902 wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a. Wamisionari wengi wa enzi hizo waliyaita matambiko ushenzi. Hata hivyo, jina Ngai lilibaki, na Wakatoliki Wakikuyu hulitumia mpaka leo. Tena katika misa, kabla ya komunio, Yesu huitwa Mwanakondoo wa Mungu.

Cucu yangu huvaa rozari, lakini akipita penye mugumo hunyamaza kidogo. Nikamwuliza, "Cucu, hapo unamwomba nani?" Akajibu, "Ni yule yule, mjukuu wangu."

Je, cucu amechanganya dini, ama ni sisi tuliozitenganisha?

Zoezi: Tofautisha tambiko na kafara, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.