Dereva wa Nyumbani Akiugua

Tuseme baba ana gari la kubeba viazi hapa Mjimwema. Ghafla anapatwa na kiharusi. Mkono unalegea, mdomo unakwenda upande. Mpelekeni hospitali upesi. Lakini nani ataendesha?

Msimpe kijana asiye na leseni. Akimgonga mtu, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Mtauza shamba kulipa deni, na mgonjwa bado anahitaji dawa.

Fanyeni hivi:

1. Tafuteni dereva mwenye leseni ya gari la aina hiyo.
2. Someni hati ya bima. Inaisha lini? Nani anaruhusiwa kuendesha?
3. Iarifuni kampuni ya bima kwamba dereva amebadilika.
4. Bima ikiisha, gari lisitoke. Sheria inataka kila gari barabarani liwe na bima, hata ile ndogo. Bima ndogo huwalipa watu wengine walioumizwa. Haitengenezi gari lenu.
5. Baba akipata nafuu, asiendeshe mpaka daktari amruhusu. Anaweza kutembea, na bado mkono na macho havijarudi sawasawa.

Maswali:
1. Bima ya gari lenu inaisha lini?
2. Nani mwingine nyumbani ana leseni?