Mashine ya Kusaga Iliyolala Miaka: Namna ya Kuifufua Nyumbani

Ukipita vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita, nyuma ya nyumba nyingi utakuta mashine ya kusaga nafaka iliyofunikwa turubai, au iliyoachwa mvua iinyeshee. Pengine mzee mwenye nayo alifariki. Pengine mota iliungua, au palifunguliwa mashine mpya jirani ikachukua wateja wote. Kama umerithi mashine ya namna hiyo, au umeuziwa kwa bei ya chuma chakavu, hapa utajua uanzie wapi, kipi ukifanye mwenyewe, kipi umwachie fundi, na wakati gani useme basi, hii siiwezi.

Wengi huanza kwa kuuliza kama inawaka. Anza kwa kuuliza ilikuwa inasaga nini. Huku kwenye ukanda wa dhahabu swali hilo lina uzito, kwa sababu Nyarugusu, Lwamgasa, Kakola au Mwakitolyo mashine hazisagi mahindi tu. Yapo makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mara nyingi fundi anayechomelea karasha ndiye huyohuyo anayechomelea kinu cha unga. Vyuma huhama. Injini iliyokuwa mwaloni leo ikisaga mawe, kesho iko sokoni inasaga udaga. Injini, mota, puli na fremu zikihama hakuna ubaya mkubwa, mradi zimeoshwa vizuri. Kinu chenyewe, yaani kile chumba cha chuma ambamo nafaka inapondwa, ni habari nyingine kabisa.

Kule jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 iligundulika kwamba watoto walikuwa wanakufa kwa sumu ya risasi, yale madini mazito yanayotumika kwenye betri za magari. Wachimbaji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu kwa mashine za kusagia unga, tena majumbani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi, na vumbi lake likaingia kwenye udongo, kwenye chakula na mikononi mwa watoto. Walikufa zaidi ya watoto 400. Mawe ya kila eneo yana yake, na si lazima ya Geita yafanane na ya Zamfara, lakini hakuna mtu anayeweza kuangalia jiwe kwa macho akakuambia lina nini ndani. Ongeza zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, utaona kwa nini kinu kilichopata kusaga mawe hakifai tena kwa chakula. Ukikisugua kwa maji na sabuni hakirudi kuwa salama, maana vumbi limejificha kwenye maungio na nyufa za kuchomelea.

Utakitambuaje? Kinu cha unga kilichochakaa kina kutu ya kawaida na mabaki ya unga yaliyoganda kama gundi. Kilichosaga mawe kina vumbi la kijivu au jekundu kwenye kona, kuta zake za ndani zimeliwa na kung'aa, na mara nyingi kimeongezewa vibati vizito vya kuzuia kuliwa. Kama muuzaji anajiumauma ukimuuliza historia, chukua injini umwachie kinu. Kinyume chake ni hivyohivyo: mashine yako ikishafufuka, jirani akija na kijiwe kimoja tu akitaka kupima kama kuna dhahabu, mkatalie. Atanuna, atakuja kuzoea.

Historia ikiwa safi, sasa shika kazi. Toa mikanda yote ili kinu kiwe peke yake, kisha zungusha puli yake kwa mkono. Ikizunguka laini, umepata bahati. Ikikwaruza au ikigoma, usiilazimishe kwa nyundo. Fungua mfuniko uangalie ndani, kwani mara nyingi ni unga ulioganda, kiota cha panya au msumari uliobana. Sehemu ambayo imekufa mara nyingi zaidi ni beringi, zile gololi zinazobeba shafti. Shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, badilisha beringi zote mbili kwa pamoja.

Kwenye ubavu wa beringi kuna namba, kwa mfano 6308. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5, utapata unene wa shafti kwa milimita: 08 mara 5 ni milimita 40. Kanuni hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Nenda dukani na namba hiyo, na ikiwezekana na beringi kuukuu yenyewe mfukoni. Mikanda nayo ina lugha yake. Mkanda ulioandikwa B60 ni wa upana wa daraja B, karibu milimita 17, na urefu wa inchi 60 kwa ndani. A ni mwembamba zaidi, C ni mpana. Kama mashine inatumia mikanda mitatu, nunua yote mitatu mipya siku moja, maana mmoja mpya kati ya mikuukuu utabeba mzigo wote peke yake na kukatika mapema.

Ndani ya kinu utakuta nyundo, vile vipande bapa vya chuma vinavyoning'inia na kuponda nafaka. Kona zikiisha upande mmoja unaweza kuzigeuza utumie upande wa pili. Zikiwa zimeisha pande zote, badilisha zote. Kabla ya kuzifunga zipime kwenye mizani ya duka, na zile zinazotazamana zilingane uzito, la sivyo mashine itatetemeka hadi sakafu. Halafu kuna chekeche, bati lenye matundu linaloamua unga uwe laini kiasi gani. Kwa sembe na dona matundu ya milimita 1 au chini kidogo yanafaa, na kwa chakula cha kuku milimita 3. Chekeche lililotoboka halizibwi kwa kuchomelea kiraka, nunua jipya.

Tuje kwenye nguvu. Kama mashine yako ina mota, soma kibati chake kabla ya kuugusa umeme. Kibati kitakuambia kilowati ngapi, mizunguko mingapi kwa dakika, na kama ni mota ya njia moja au njia tatu. Umeme wa njia moja, volti 230, ndio ulioko kwenye nyumba nyingi. Wa njia tatu ni volti 400 kati ya waya na waya, na mota kubwa za kusaga karibu zote ni za njia tatu. Usidanganywe kwamba fundi ataunganisha mota ya kilowati 7.5 kwenye umeme wa taa nyumbani kwako. Ama omba njia tatu, ama tumia mota ndogo ya njia moja ya kilowati 2.2 na kinu kidogo kinacholingana nayo, ama rudi kwenye dizeli.

Mota iliyolala kwenye unyevu usiiwashe kwanza. Mwite fundi wa mota mwenye kipimo kinachoitwa mega, kinachoonyesha kama waya za ndani bado zimejitenga na gamba la chuma. Kikisoma chini ya megaomu 1, mota ina unyevu au imeungua. Yenye unyevu hukaushwa, iliyoungua husukwa waya upya. Uliza bei ya kusuka na bei ya mota mpya ya ukubwa uleule kabla hujaamua. Kusuka kukizidi nusu ya bei ya mpya, mimi ningenunua mpya. Hakikisha pia swichi ya kuwashia ina kikata umeme cha kulinda mota. Njia moja kati ya tatu ikipotea, kama inavyotokea wakati wa mvua, mota huunguruma bila nguvu na kuungua ndani ya dakika chache kama hakuna cha kuikata.

Maombi ya njia tatu yanapelekwa ofisi ya TANESCO ya wilaya, au kwa mfumo wao wa mtandaoni wa Nikonekt. Waya za ndani ni lazima zifungwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, kwa hiyo usimlipe kijana wa mtaani kwanza ukaja kulipa mara mbili. Gharama inategemea umbali wa nyumba kutoka kwenye nguzo na kama nguzo hiyo tayari ina njia tatu. Omba makadirio kwa maandishi. Matumizi yenyewe yanahesabika. Mota ya kilowati 7.5 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima hula karibu uniti 8 na nusu. Kwa bei ya kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, ambayo imedumu tangu 2016, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 3,000 kwa saa. Linganisha na lita za dizeli utakazochoma kwa saa hiyohiyo, kwa bei ya kituo cha karibu.

Na dizeli? Injini kongwe unayoweza kuikuta ni Lister ya Dursley, Uingereza, ile yenye gurudumu zito pembeni, au nakala yake kutoka Rajkot, India. Ni injini vumilivu sana. Ile ya nguvu farasi 6 huenda mizunguko 650 tu kwa dakika, na ndiyo maana zipo zinazofanya kazi hadi leo. Mwaga dizeli yote ya zamani, osha tangi, badilisha chujio. Mwaga oili uweke mpya. Fungua njia ya hewa uone kama nyigu hawajajenga humo. Kisha fungua ile nondo ndogo ya kupunguza mgandamizo na uzungushe injini kwa hendeli taratibu, mara nyingi, hadi oili ifike kila mahali. Toa upepo kwenye bomba la dizeli kwa kulegeza nati karibu na pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu. Unapopiga hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha nyuma huvunja gumba lililozunguka mshikio. Usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukuonya.

Kuna jambo moja hapa ambalo lazima ulishike. Watu wengi injini ya Lister ikifa huweka ya Kichina, na puli huacha ileile. Injini nyingi za Kichina za silinda moja huenda mizunguko 2,000 au zaidi. Kinu sasa kinazunguka mara tatu ya awali, na nguvu inayovuta nyundo kwenda nje inakuwa mara tisa. Nyundo hung'oka na kutoboa bati. Hesabu ni rahisi: zidisha kipenyo cha puli ya injini kwa mizunguko yake, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Mota ya mizunguko 1,450 yenye puli ya inchi 8, kinu kikiwa na puli ya inchi 4, inakupa 2,900. Jibu lisizidi kile kilichoandikwa kwenye kibati cha kinu. Kibati kikiwa kimepotea, uliza karakana ya SIDO Shinyanga au walimu wa VETA kabla ya kuwasha.

Siku ya kwanza washa bila nafaka, wewe ukiwa umesimama pembeni, usikae usawa wa nyundo. Mota ya njia tatu ikizunguka kinyume, zima umeme kabisa, kisha fundi abadilishane waya mbili zozote kati ya zile tatu. Iache nusu saa. Gusa nyumba za beringi kwa nyuma ya kiganja. Joto la kawaida ni sawa, lakini ukishindwa kuacha mkono hapo, zima uangalie grisi na mkao wa shafti. Saga debe moja la mahindi ya bei ndogo, unga huo umwage, usiwape hata kuku, kwa sababu una kutu na grisi. Saga la pili, utazame rangi. Mdomoni pa kumwagia nafaka weka sumaku ya spika mbovu, itakamata misumari. Mikanda ifunikwe kwa wavu wa chuma kabla mteja wa kwanza hajaingia, maana kanga au kitenge kikishikwa na mkanda hakiachii.

Ukiamua kusagia majirani kwa malipo, chukua namba ya mlipakodi TRA, ambayo hutolewa bure, kisha leseni ya biashara halmashauri. Ukitaka kufunga unga kwenye mifuko yenye jina lako, hapo utahitaji TBS. Mashine iliyo mjini ina suala la kelele pia, na malalamiko ya majirani huishia kwa afisa mazingira wa halmashauri au NEMC. Zungumza na majirani kabla hujamwaga zege la kusimikia mashine. Wiki ya kwanza kaza mikanda tena, kwani mipya hurefuka, na kaza nati zote za fremu kila jioni hadi zitulie.