"Bado Sijajipanga": Niliyojifunza kwenye Filamu za Mapenzi

1. Anayekuambia "bado sijajipanga" si lazima awe anaogopa ndoa.

Katika The Big Sick (2017), Kumail, mchekeshaji mwenye asili ya Pakistani anayeishi Chicago, anampenda Emily, Mmarekani mzungu. Kila akienda kula kwa wazazi wake, anatokea binti wa Kipakistani eti alikuwa anapita tu. Picha za mabinti hao anazihifadhi kwenye kisanduku cha sigara, na Emily anakuja kuzikuta. Hakulala na yeyote kati yao, lakini penzi linavunjika siku hiyo hiyo.

Hapo nilisimamisha filamu. Niliwahi kuwa na mpenzi wa ukoo wa Kihindi hapa Dar es Salaam. Mama yake akipiga simu tukiwa garini, alizima redio na kuniwekea kidole mdomoni. Ndoa haikumtisha hata kidogo. Alichoogopa ni kukosa nafasi yake mezani kwao. Mtu wa namna hiyo anaweza kukupenda kwa dhati na bado asikutambulishe kwao, kwa hiyo siku hizi nauliza mapema: nyumbani kwenu wananijua kwa jina? Kumail Nanjiani na Emily V. Gordon, walioiandika filamu hiyo kutokana na maisha yao wenyewe, wao walioana.

2. Uchovu nao hufanana na woga.

Kenya McQueen wa Something New (2006), mhasibu mweusi wa Los Angeles, anasitasita kwa Brian, mzungu mtengeneza bustani. Simlaumu. Kutwa nzima kazini anathibitisha kwamba anastahili kiti chake. Jioni anataka mtu asiyehitaji kuelezwa. Wakiwa dukani, Brian anaomba angalau usiku mmoja wasizungumzie rangi. Brian anaweza kuiweka rangi kando akapumzika. Kenya hawezi. Mpenzi wa rangi nyingine asipoelewa yote namvumilia. Akichoka kusikiliza, hapana.

3. Asiye na woga naye huomba ruhusa.

Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria za majimbo zilizokataza ndoa za watu weupe na wa rangi nyingine. Desemba ikatoka Guess Who's Coming to Dinner. Sidney Poitier ni daktari bingwa, mpole, asiye na doa, na yuko tayari kuoa binti aliyemjua kwa siku kumi. Hata hivyo anawaambia wazazi wazungu wa binti kwamba wakikataa, haoi. Inaniuma kwamba mweusi alidaiwa ukamilifu wote ule, kisha neno la mwisho akapewa baba wa binti.

Aliyenigusa zaidi ni mama wa daktari, aliyeigizwa na Beah Richards. Ndiye anayemkumbusha baba huyo wa binti kwamba amesahau kupenda kulivyo. Ningelipa kiingilio kuona filamu nzima juu ya mama huyo na mumewe, wakirudi Los Angeles huku bado hawajakubaliana.