Bamba la Kukinga Tumbo la Pikipiki ya Theluji
Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniandikia barua, akiniomba nieleze kazi ninayoifanya huku Quebec, nchini Kanada. Nimeona ya kuwa kueleza kazi yote kungewachosha wasomaji. Kwa hiyo nimechagua kazi moja ndogo iliyonifundisha kuliko nyingine zote, nayo ni kufunga bamba la kukinga chini ya pikipiki ya theluji. Nayaandika haya hasa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao huenda wanajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, somo la kupanuka kwa vitu kwa joto litawafaa nini maishani.

Pikipiki ya theluji ni nini?

Wengi wetu tumeiona theluji kwa mbali tu, ikimetameta juu ya Kibo. Huku huanguka tangu Novemba au Desemba, na vijijini hulala mpaka Machi au Aprili, ikifunika mashamba, njia na maziwa yaliyoganda. Gari la kawaida likitoka nje ya barabara iliyofagiliwa huzama kama lililoingia kwenye tope la masika.

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili, yaani vitu mfano wa mbao ndefu zilizopinda ncha kwenda juu, ambazo dereva huzigeuza kwa usukani. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini, ukausukuma mtambo mbele kama minyororo ya tingatinga.

Mtu akumbukwaye sana katika habari za mitambo hii ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji wa Valcourt, Quebec, aliyezaliwa mwaka 1907. Alipenda tangu ujana kujaribu magari ya kupita juu ya theluji. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua vibaya tumboni. Njia zilikuwa zimezibwa na theluji, na baba hakuweza kumfikisha mtoto hospitali. Mtoto akafariki. Fundi hakuiacha kazi yake. Mwaka 1937 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, akawa anauza magari ya theluji ya kuchukua watu saba. Mwaka 1959 akatoa pikipiki ndogo ya theluji iitwayo Ski-Doo. Alifariki mwaka 1964.

Basi, mtu asidhani ya kuwa mtambo huu ni wa mchezo tu. Kweli wako wanaouendesha kwa furaha siku za mapumziko, lakini kwa wengine ndiyo njia ya kufika kwa mganga, dukani na kazini.

Kwa nini tumbo likingwe?

Chini ya injini pana bakuli la plastiki ambalo mafundi huliita tumbo. Kazi yake ni kuzuia theluji isiingie ndani. Lakini plastiki hiyo ni nyembamba, na chini ya theluji laini hujificha visiki, mawe na vipande vikali vya barafu ambavyo dereva hawezi kuviona. Kwa hiyo watu wengi hufunga chini yake bamba jingine. Bamba hilo huweza kuwa la alumini, au la plastiki ngumu ya jamii ya polietilini, yenye unene wa milimita 3 hadi 6. Plastiki hii hupendwa kwa sababu huteleza vizuri, theluji haiishiki sana, na haivunjiki upesi hata baridi ikiwa kali.

Kosa langu

Katika majira yangu ya kwanza ya baridi karakanani, mzee mmoja mtegaji wa wanyama alileta pikipiki yake ifungwe bamba la plastiki. Nilipewa kazi ile peke yangu, nikafurahi sana. Ndani ya karakana mlikuwa na joto la nyuzi 20 za sentigredi. Nilitoboa matundu yaliyolingana sawasawa na ribiti, nikalibana bamba kila upande lisitikisike hata kidogo, kisha nikajisifu moyoni.

Siku chache baadaye baridi ilishuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Bamba lilijikunja kwa baridi, na kwa kuwa sikuliachia nafasi, ribiti za mbele zikachanika kutoka kwenye tumbo. Ukingo wa mbele ukaning'inia na kuchota theluji kama beleshi. Tumbo likapasuka, theluji ikajaa ndani na kuulowesha mkanda unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Mkanda uliolowa huteleza. Mtambo ukasimama katikati ya ziwa, mbali na kibanda chake.

Mzee yule alitembea karibu saa tatu kwa miguu. Alifika salama, lakini vidole viwili vya mguu viliharibika kwa baridi. Alipokuja karakanani hakupiga kelele. Aliliweka bamba mezani, akaniuliza kwa upole, "Kijana, ulipolifunga hili, ulifikiri nitalitumia humu ndani?"

Sikuwa na jibu. Fundi mkuu akanichukua kando, akaniambia, "Umelibana mno. Kila kitu kinachokwenda baridini kina safari yake."

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, na lile tufe la chuma lililopita katika pete lilipokuwa baridi, na kukataa kupita lilipopashwa moto. Swali hilo nililijibu katika mtihani nikapata alama zote. Lakini siku nilipoishika keekee sikukumbuka kwamba ni somo lile lile.

Hesabu ya jambo lenyewe

Kila mita ya alumini hubadilika urefu kwa sehemu 0.000023 kwa kila nyuzi moja ya joto. Polietilini ya aina hii hubadilika zaidi sana; tuchukue 0.00015, na mara nyingi huzidi hapo. Tuseme bamba lina urefu wa mita 1, yaani milimita 1,000. Kutoka nyuzi 20 juu ya sifuri mpaka nyuzi 30 chini yake ni tofauti ya nyuzi 50.

Bamba la polietilini: 1,000 × 50 × 0.00015 = milimita 7.5.
Fremu ya alumini: 1,000 × 50 × 0.000023 = milimita 1.15.

Kwa hiyo bamba hutaka kufupika zaidi ya fremu kwa milimita 6.35. Likifungwa lisiweze kusogea, hapana budi kitu fulani kipinde au kichanike. Huku kwangu kilichochanika ni tumbo la pikipiki ya mzee.

Namna ifaayo kulifunga

Tangu siku ile nafuata taratibu hizi.

Kwanza, napunguza petroli tangini, naondoa betri, nafungua milango hewa ipite, na sikubali moto wala cheche karibu. Kisha, kwa msaada wa mwenzangu, naulaza mtambo ubavu juu ya godoro kuukuu.

Pili, nalisafisha tumbo na kulikagua. Penye ufa naziba kwanza. Bamba si dawa ya ufa, huuficha tu.

Tatu, naliweka bamba mahali pake bila kulifunga, natia alama za matundu kwa chaki. Kabla ya kutoboa naangalia kwa ndani palipo na mipira ya maji, nyaya au tangi. Keekee naifunga kizuizi cha mbao ili isizame kupita kiasi. Fundi atoboaye bila kutazama upande wa pili hutoboa mara mbili: bamba, na mfuko wa mwenye mali.

Nne, tundu moja la katikati nalitoboa lilingane na bolti, ili bamba lisihame. Matundu mengine ya bamba nayarefusha kwa tupa, mfano wa punje ya mchele, yakielekea mbele na nyuma. Kwa bolti ya milimita 6 narefusha tundu mpaka milimita 14. Hivyo bamba huweza kusogea milimita 4 kila upande. Kwa kuwa limeshikwa katikati, kila ncha huhitaji kusogea kiasi cha milimita 3 tu.

Tano, natumia bolti zenye kichwa bapa na kipana, zisikwame kwenye mawe, na kwa ndani naweka washa pana na nati zenye nailoni, zisizolegea kwa mtikisiko. Nakaza mpaka nati iguse, kisha nairudisha robo ya mzunguko.

Sita, natoboa bamba mahali palipo na matundu ya kutolea maji tumboni. Theluji iingiayo huyeyuka kwa joto la injini. Maji yasipopata pa kutokea huganda usiku, na asubuhi mwenye mtambo hukuta jiwe la barafu ndani.

Mwisho, natoa pikipiki nje, naiacha ilale baridini usiku mmoja, na asubuhi nakagua kila bolti kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Neno kwa wanafunzi na wazazi

Huko nyumbani hamna pikipiki za theluji, lakini somo hili mnalo juu ya vichwa vyenu. Sikilizeni paa la mabati adhuhuri, na tena jua linapotua, jinsi linavyolialia. Ni bati linapanuka na kujikunja kati ya misumari.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mtoto akiuliza kwa nini bati hulia, msimkemee. Mpelekeni kwa mwalimu wake, au mjaribuni kutafuta jibu pamoja naye.

Mzee mtegaji bado huleta pikipiki yake kwetu, na kazi hutaka niifanye mimi. Kila mara hunama, akaligusa bamba kwa kidole na kulisukuma kuona kama lasogea. Likisogea, hutikisa kichwa kwa kuridhika na kulipa.

Zoezi

1. Reli ya chuma cha pua ina urefu wa mita 12. Asubuhi ina nyuzi 15 za joto, na adhuhuri nyuzi 55. Ikiwa kila mita hurefuka kwa sehemu 0.000012 kwa nyuzi moja, itarefuka milimita ngapi? Jibu lako likiwa chini ya 5 au zaidi ya 6, rudia hesabu.

2. Tafuta shuleni mahali patatu ambapo fundi aliacha nafasi ili kitu kipanuke. Tafuta na pamoja alipoisahau, ueleze kilichotokea.