Kabla Mabati Hayajashuka

"Mwalimu, imeisha," fundi alisema, akafunga mfuko wake wa vyombo na kushika njia. Mwenye nyumba, katika mtaa wa Kangaru mjini Embu, aliingia jikoni kukagua. Plasta ilikuwa safi, vigae vimenyooka, sinki limekaa mahali pake. Mfereji ulikuwa bado ndani ya boksi lake, dirishani. Kwa fundi mwashi kazi ilikuwa imeisha kweli. Mabomba ni ya mtu mwingine. Kwa mwenye nyumba, jiko lisilotoa maji halijaisha. Walikuwa wamepatana kwa mdomo, shilingi 140,000, wakapeana mikono.

Mwenye nyumba huyo ndiye mimi. Bei hatukuigombania hata mara moja. Tuligombania neno "kumaliza".

Si kwamba huku kwetu milimani hatuna desturi za kupatana. Kijana wa Kimeru akipeleka ncoolo, kile kifurushi cha miraa, kwa wazazi wa msichana, hakuna mzee anayeuliza kimekuja kufanya nini. Mjengo hauna kifurushi cha namna hiyo. Ukarabati mwingi wa nyumba huku hufanywa kwa "leba": mwenye nyumba ananunua simiti, mbao na mchanga, fundi analeta mikono. Neno ni moja, lakini fundi mmoja huhesabu ndani yake vibarua wa kuchanganya zege, na mwingine huwadai kando. Nani analipa boda ya kuleta bomba kutoka hadwea? Nani anazoa kifusi? Mbao za jukwaa ni za nani, na zikibaki zinaenda kwa nani? Kalamu inaanzia kazi hapo.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna karatasi ambayo wengi huiruka: hatimiliki. Si ajabu shamba likawa bado na jina la babu aliyefariki zamani, huku mjukuu akivunja ukuta na kuongeza vyumba kwa imani kwamba upande ule ni wake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu kushughulika na mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na binamu anayekuja na barua ya wakili hachagui siku. Anaweza kuja siku ya kumwaga zege. Wanandoa nao wana sababu ya kutunza risiti. Chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, mume au mke aliyechangia kuboresha mali ya mwenzake hupata haki katika mali hiyo inayolingana na mchango wake. Bila risiti, mchango huo unabaki kuwa hadithi.

Karatasi za serikali hazichoshi kama zinavyosemwa. Anayeongeza chumba au ghorofa, au anayegeuza sebule kuwa duka, anahitaji kibali cha kaunti kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Akianza bila kibali, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote pamoja. Mwanakandarasi anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Nakala za vyeti hivyo zibanwe nyuma ya mkataba. Na nyumba yenye paa la zamani la asbestosi isiguswe na kibarua yeyote mwenye ngazi: taka zake ni za hatari kisheria, na utaratibu wake uko kwa NEMA, mamlaka ya mazingira.

Sasa mkataba wenyewe. Kazi kubwa hutumia mkataba rasmi wa Baraza la Pamoja la Ujenzi, toleo la 1999, lakini kwa jiko na choo ukurasa mmoja au miwili unatosha. Kuwe na majina kamili na nambari za vitambulisho, sahihi, na shahidi wa kila upande. Kisha kila chumba kiandikwe mwisho wake kwa kitu kinachoonekana: jikoni kazi imeisha maji yakitoka mferejini na kuteremka bila kuvuja; chooni, mlango ukifungika bila kusukumwa kwa goti. Sentensi za aina hiyo zingeniokolea wiki tatu.

Pesa ndiyo sehemu niliyokosea zaidi. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimetoa 100,000 kati ya zile 140,000, kwa sababu fundi aliomba kwa upole na mimi sipendi maneno. Fundi akishalipwa mbele, mguu wake uko kwa mteja mwingine wakati nyundo yake iko kwako. Malipo yafuate hatua zilizokamilika, siyo Jumamosi. Yapelekwe kwa nambari moja ya M-Pesa iliyoandikwa kwenye mkataba, si leo kwake, kesho kwa shemeji. Rekodi yote hupatikana baadaye kupitia *334#. Asilimia kumi ibaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi paa linyeshewe mvua kubwa angalau mara mbili.

Mvua, kwa kweli, ni mshiriki wa mkataba. Huku inanyesha Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Tarehe ya kuezua mabati iandikwe, na iandikwe pia nani atanunua turubai mabati yakiwa chini na wingu limefunga mlima. Nyongeza yoyote, hata ya dirisha moja, iingie kwenye daftari la kazi pamoja na bei yake kabla haijaanza.

Mambo yakiharibika, wengi huenda kwanza kwa wazee, na Katiba ya 2010 inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Yakishindikana huko, upo mlango wa Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mapatano ya mdomo nayo yanaweza kudaiwa pale. Kazi ni kuyathibitisha.

Mwaka uliofuata nilikarabati choo. Fundi mpya, kijana kutoka Chuka, aliusoma ukurasa wangu polepole, akaomba kalamu. Aliongeza mstari wake: siku ambayo mwenye nyumba hajaleta vifaa, isihesabiwe katika siku za fundi, na vibarua wapate nusu ya ujira. Nilinung'unika kidogo, nikatia sahihi. Jumatano ya kwanza simiti haikufika, na nilimkuta amekaa juu ya ndoo, akiandika tarehe kwenye daftari.