Mchango wa kilio uanze kabla ya kilio

Mtu akifa kwetu Wamaza, mkono wa kijiji haukawii. Mpunga unaletwa, mbao za sanduku zinapatikana, vijana wanashika majembe kwenda kuchimba kaburi, akina mama wanakesha penye kilio, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa ukoo gani. Lakini huyo huyo, siku mbili nyuma, alipokuwa hai na anaungua homa, jamaa zake walizunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta wa kuwakopesha. Nguvu ya kumsaidia ilikuwepo. Ilikuja imechelewa.

Ninachotaka kueleza ni namna ya kuisogeza nguvu hiyo mbele: jinsi kijiji cha teritwari ya Kasongo au ya Kabambare, hapa Maniema, kinavyoweza kuunda chama cha kubeba na kulipia wagonjwa kwa kutumia mila tulizo nazo tayari, yaani kipoyi (machela ya kubebea mgonjwa), salongo (kazi ya pamoja ya kijiji), likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) na mchango wa kilio. Usawa wa afya kwa sisi wa mashambani ni jambo la kuonekana kwa macho. Mjane wa nyumba ya mwisho afikishwe kwa daktari upesi ule ule anaofikishwa mke wa mwenye duka.

Wapo waliokwisha kufanya hivi. Wakiga wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wana vyama vya engozi tangu zamani: machela ya kusuka, na majirani waliokubaliana kumbeba mgonjwa wa chama mpaka hospitali. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya matibabu, iliwaandikisha watu kupitia vyama hivyo hivyo, kwa kuwa ndani yake imani ilikuwepo kabla ya karatasi. Hapa kwetu Kongo, hospitali ya Bwamanda ilianza bima yake mwaka 1986. Na Kasongo yenyewe, miaka ya 1970, ilikuwa mahali pa kujaribia mpangilio ulioandikwa sana katika vitabu vya afya duniani: vituo vidogo vijijini, hospitali moja nyuma yao, na kamati za wananchi kando yao. Mpangilio wa aina hiyo ndio tunaouita leo zoni ya afya. Teritwari ya Kasongo ina zoni tatu, Kasongo, Kunda na Samba. Kabambare ina tatu, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Kiungo kinacholegea ni kile cha kati, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kituo, na hicho hakuna atakayekikaza isipokuwa wanakijiji.

Anzeni kwa kutembea, kikao kitafuata. Relé wa kijiji (mjitolea wa afya) na mama mmoja mtu mzima anayeheshimika wapite kila nyumba, hata zile za kule mashambani, wakiwa na maswali matatu: nani alikufa tangu mavuno yaliyopita, nani aliugua sana asifike kituoni, na alizuiwa na nini. Majibu yaandikwe kwenye daftari. Mtaona upesi kwamba vizuizi havifanani. Nyumba hii ilikosa pesa, ile ilizuiwa na mto uliojaa, nyingine mume alikuwa machimboni kwenye dhahabu na mke hakuthubutu kuondoka bila neno lake. Chama kinachoanza kwa kukusanya pesa kabla ya kujua haya kitatibu ugonjwa usio wake.

Ndipo mwite kikao. Awepo kapita (mkuu wa kijiji), imamu, katekista, wakunga, muuguzi mkuu wa kituo na mwenyekiti wa CODESA, ile kamati ya wananchi ambayo kila eneo la kituo linatakiwa kuwa nayo. Nusu ya wanaokaa wawe wanawake, nao wapewe nafasi ya kusema kabla ya wazee wa kiume, kwa sababu mzee akishatoa neno lake mama hatalipinga mbele za watu. Waiteni pia waliokimbia vita wakahamia kwenu, na familia za Watwa pale zilipo. Asiyekuwepo siku ya kupanga ndiye atakayesahauliwa usiku wa shida.

Sasa kipoyi. Chukueni miti miwili mikavu na myepesi. Mianzi iliyokomaa inafaa. Urefu uwazidi wagonjwa warefu, na mbele na nyuma zibaki ncha za kushika au kuweka begani. Kati yake shoneni blanketi nzito au mkeka imara, mshono uzunguke mti wote, maana fundo moja likifunguka mgonjwa yuko chini. Wekeni vijiti viwili vya kukingamisha ili miti isibanane, na fito za kubeba turubai juu, kwani mvua inaweza kuwakuta njiani. Kikosi kiwe cha watu wanane, wanne wanabeba na wanne wanapumzika, wakibadilishana kabla hawajachoka. Kila kitongoji kiwe na kipoyi chake na kikosi chake, na kijulikane kinalala nyumba gani. Palipo na barabara, afadhali pikipiki kwa mgonjwa anayeweza kukaa. Pataneni na mwenye nayo bei mapema, wakati hakuna anayelia. Na salongo, ambayo wazee wanaikumbuka kama kazi ya kulazimishwa enzi za Mobutu, ifanyeni iwe yenu: siku moja kila mwezi ya kufyeka njia ya kituoni na kurekebisha vidaraja.

Kikosi kifundishwe na muuguzi wa kituo, kisha kijaribiwe. Wajue dalili zisizongoja asubuhi. Kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Kwa mjamzito: anatoka damu, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, ana degedege au homa, au uchungu umezidi muda wa saa 12 bila mtoto. Kwa aliyejifungua: damu nyingi, hata kama yeye mwenyewe anasema hana neno. Njiani mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Mwenye degedege asitiwe kitu mdomoni, na aliyezimia asinyweshwe. Anayeharisha anyweshwe kidogo kidogo safari nzima. Kama hakuna pakiti ya ORS, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Haya yaweza kushikwa na kijana asiyejua kusoma. Yarudiwe tu mpaka yakae.

Kuhusu ruhusa ya mume, msiingoje siku ya uchungu. Mimba ikifika mwezi wa saba, mwenyekiti wa chama na mama mmoja waende kwenye nyumba hiyo, mume, mama mkwe na mjamzito wakiwepo, waulize: kukitokea shida nawe hupo, nani anasema neno lako? Jina liandikwe mbele ya mashahidi. Kwetu ushahidi wa wazee una uzito. Usiku wa shida shemeji au jirani aliyetajwa atasema twende, na hakuna atakayemlaumu.

Wakunga wa jadi wana sehemu kubwa katika hili. Nimesikia vituo vinavyowafukuza, na matokeo yake ni akina mama kujificha nao nyumbani. Chama kiwape kazi ya heshima: mkunga anamsindikiza mama mpaka kituoni, anakaa kichwani pake, anampa chai yake na nguo zake, na chama kinamlipa kama angemzalisha nyumbani. Zungumzeni na muuguzi ili familia inayotaka kuzika kondo la nyuma kwake ipewe, na mama aruhusiwe kuoga maji ya moto na kula chakula cha kwao. Mambo haya hayamgharimu mtu, nayo yanaondoa sababu nyingi za kubaki nyumbani. Jambo moja halina mapatano: dawa za miti za kuongeza uchungu. Zinaweza kupasua kizazi. Mkunga mwenyewe ndiye wa kuwaambia wenzake, kwa kuwa yeye watamsikiliza.

Pesa zikusanywe mavuno yanapouzwa, na anayetaka kutoa mpunga, karanga au mawese apokelewe. Wanaocheza likelemba wanajua tayari kuandika na kufuatiliana, hao ndio waweka hazina wenu. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, na lisifunguliwe bila wote. Mila ambayo ningependa tuongeze ni hii: kila penye kilio, sehemu ya mchango iingie kwenye sanduku la wagonjwa kabla ya watu kutawanyika. Kwa nyumba zisizo na kitu, imamu aulizwe juu ya zaka. Mazao yaliyomea kwa mvua zaka yake ni sehemu ya kumi, na haki yake ni ya masikini. Panapokubaliwa, zaka inaweza kumtolea mjane ada yake bila yeye kuomba. Parokia nazo zina sadaka kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa hata faranga moja, pataneni na kituo kupitia CODESA. Daini bei moja kwa ugonjwa mzima, ndani yake vipimo, dawa na kurudi tena hadi apone, na bei hiyo ibandikwe ukutani. Andikeni kwamba hakuna mzazi wa chama atakayezuiliwa wodini kwa ajili ya deni. Lipeni kituo moja kwa moja, kwa risiti. Ulizeni pia kila mara kipi ni bure: chanjo ni bure siku zote, na mpango wa serikali wa uzazi bila malipo, ulioanzia Kinshasa Septemba 2023, msiache kuulizia kama umefika zoni yenu.

Chanjo nayo ipitie kwenye mdomo unaosikilizwa. Itangazwe baada ya sala ya Ijumaa, baada ya misa, na siku ya soko. Mwaka 2017 virusi vya polio vilionekana hapa Maniema, na surua ya mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto. Daftari la chama likitaja kila mtoto aliyefikisha miezi tisa bila sindano ya surua, imamu na katekista watajua nyumba ya kwenda.

Kuna mgonjwa mmoja asiyetangazwa: aliyebakwa. Vita vya Kabambare vimetuachia wengi, na wanaendelea kuwepo. Anatakiwa kufika kituoni ndani ya saa 72 ili apate dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI. Chama kichague akina mama wawili wa siri, wenye haki ya kuchukua pesa ya safari bila kusema ni ya nani. Kwenye daftari iandikwe safari tu.

Kila miezi mitatu hesabu zisomwe hadharani, na swali la kwanza liwe nani hakubebwa. Kama waliobebwa ni wa ukoo wa kapita na wa wenye maduka tu, badilisheni viongozi siku hiyo hiyo. Chama kizuri hakihitaji mfadhili ili kianze. Kinahitaji daftari, miti miwili, blanketi, sanduku na watu wanane. Ndugu zangu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare, mpunga wa msimu huu ukishavunwa, kabla gunia la kwanza halijakwenda sokoni, piteni nyumba kwa nyumba na maswali yale matatu.