Kuchagua Gobori la Kuwindia Ayala

Mnyama aitwaye ayala, ambaye wasomaji wa Zaburi wamekwisha kulisikia jina lake, haishi porini katika nchi ya Kenya, wala mahali pengine po pote katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Swala, kulungu, kongoni na pofu ni wa ukoo mwingine. Pembe zao hudumu maisha yao yote, lakini pembe za ayala dume huanguka kila mwaka na kuota upya.

Basi mtu wa Thika au Ruiru aweza kuuliza somo hili lamfaa nani. Wako Wakenya wengi waliohamia Marekani, na huko kuwinda ayala ni jambo la kawaida la msimu, kama kuvuna mahindi. Katika jimbo la Pennsylvania kuna majuma maalum baada ya Krismasi ambayo mwindaji mwenye bunduki hutakiwa kutumia gumegume tu, yenye tundu lisilopungua inchi 0.44. Desturi hiyo ilianza mwaka 1974. Naye anayewinda huko kwa mara ya kwanza, hata akiwa mtu mzima, hana budi kuhudhuria mafunzo kabla ya kupewa leseni. Kwa aliyebaki Thika mambo ni mbali: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na kulungu wa mlima Ol Donyo Sabuk analindwa na sheria. Huyo na asome kwa kupata maarifa, si kwa kutafuta bunduki.

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Hutiwa baruti kwanza, kisha risasi iliyofungwa katika kipande cha kitambaa, navyo husukumwa mpaka chini kwa ufito uitwao mdeki. Wazee wa pwani na wapagazi wa misafara waliijua sana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliziruhusu dola za Ulaya kuwauzia Waafrika gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida, lakini bunduki bora zaidi zilizuiliwa. Ndiyo maana silaha iliyokuwa imekwisha achwa na majeshi ya Ulaya iliendelea kuonekana huku kwa miaka mingi.

Tofauti yake na bunduki za baadaye ilionekana karibu sana na Thika. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikaa katika shamba la Juja la W. N. McMillan akiwinda viboko na chui. Bunduki zake za Springfield na Winchester zilibeba risasi kadhaa tumboni mwake, hata akikosa mara ya kwanza aliweza kupiga tena mara moja. Mwenye gobori hana nafasi hiyo. Akimjeruhi mnyama, kushindilia upya humchukua nusu dakika au zaidi, na mnyama amekwisha ingia kichakani kwenda kufa kwa maumivu asikoonekana. Basi kila swali la uchaguzi hurudi hapo: je, bunduki hii itamwua mnyama kwa risasi ya kwanza?

Jambo la kwanza la kutazama ni upana wa tundu. Zamani tundu lilihesabiwa kwa risasi za mviringo zinazotoka katika ratili moja ya risasi. Bunduki ya namba 12 ni ile ambayo risasi zake 12 hutimiza ratili, na ya namba 4 ni ile ambayo kila risasi ina uzito wa wakia 4. Hivyo namba ikipungua, tundu limezidi, jambo ambalo huwapotosha wanunuzi wengi. Siku hizi magobori ya kuwindia ayala hupimwa kwa inchi. Risasi ya mviringo ya tundu la 0.45 ina uzito wa greni 130 hivi, ya 0.50 greni 180, na ya 0.54 greni 225. Greni 7,000 ni ratili moja. Ya 0.45 inaweza kumwua ayala, lakini yataka mpigaji hodari na mnyama aliye karibu. Kwa anayeanza, 0.50 ndiyo ya kuchagua. Risasi ya mviringo hupoteza nguvu upesi hewani, na mwenye busara hatapiga zaidi ya yadi 75, hata kama mwenye duka amemsifia bunduki kwa yadi 150.

Pili ni mtutu wenyewe. Usio na mifuo hutupa risasi ovyo inapopita yadi 50. Wenye mifuo huizungusha risasi ikaenda sawa, lakini mzunguko wa mifuo hutofautiana. Mifuo inayozunguka polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 60 hivi, hufaa risasi ya mviringo; ile ya inchi 28 au 32 imekusudiwa risasi ndefu. Mtu akinunua mtutu wa namna moja na risasi za namna nyingine, atailaumu bunduki bure.

Tatu ni namna ya kuwasha. Gumegume hupiga jiwe juu ya chuma, cheche zikaangukia baruti laini katika kisahani, na moto ukaingia tunduni. Kati ya kuvuta kidole na mlio pana muda mdogo, na asiyejizoeza kutulia katika muda huo hukosa kila mara. Tena mwako ule huonekana. Yasemekana jambo hilo ndilo lililomwudhi mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, kwa kuwa ndege waliruka walipoona mwako kabla risasi haijawafikia. Akatafuta dawa inayolipuka kwa kugongwa, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807, na kutokana na kazi yake zikaja fataki. Fataki huwaka upesi na haiogopi mvua kama kisahani. Sheria ya mahali ikiruhusu, mwanafunzi aanze na fataki. Ikidai gumegume, ajizoeze majuma mengi kabla ya msimu.

Baruti iwe nyeusi, ile ya shura, makaa na kiberiti, au ile iliyotengenezwa mahsusi mahali pake. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi isitiwe kamwe katika gobori la baruti nyeusi, kwani itaupasua mtutu. Kipimo kifuate maandishi ya mtengenezaji. Vivyo hivyo bomba la maji si mtutu. Katika vita vya Mau Mau, vilivyoanza mwaka 1952, mafundi wa msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba, na baadhi zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Bomba limetengenezwa kustahimili nguvu ya maji, si ya baruti.

Frederick Selous alilipata somo gumu zaidi. Mwindaji huyo Mwingereza, aliyesafiri meli moja na Roosevelt hadi Mombasa mwaka 1909, na aliyeuawa vitani Beho Beho, Tanganyika, mwaka 1917, alianza kazi yake kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 akiwa na magobori ya namba 4 yasiyo na mifuo. Yalikuwa ya bei rahisi, naye alichota baruti kwa mkono kutoka mfukoni, bila kipimo. Siku moja fataki ililia lakini baruti isiwake. Mchukuzi wake wa bunduki, akidhani imekwisha lia, akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Selous alipovuta, alirushwa chini, kitako kikavunjika vipande, uso na bega vikaumia. Alikuwa na bahati kwamba mtutu ulistahimili.

Kwa hiyo anayenunua gobori, hasa lililokwisha tumiwa, na aombe mdeki papo hapo dukani. Autie mtuni mpaka ukome, aweke alama ukingoni, kisha autoe na kuulaza nje kando ya mtutu. Ncha ikifika usawa wa tundu la moto, bunduki ni tupu. Ikikoma mbele yake kwa inchi mbili tatu, kuna kitu ndani, na asiiguse tena mpaka fundi ameitoa. Akiisha kuinunua, achore alama mbili za kudumu katika mdeki, moja ya bunduki tupu na moja ya bunduki iliyoshindiliwa, na kuzitazama kila mara kabla ya kuweka fataki.